Picha za miamba ya jangwani zisihimize kuipanda

Mhariri,

Nimeziona picha za Jangwa Jeupe la Farafra, nchini Misri, mlizochapisha katika ukurasa wa utalii, na ingawa nimefurahi kwamba wasomaji wameonyeshwa mahali hapo pa ajabu, naomba ile ya kijana aliyepanda juu ya mwamba wenye umbo la uyoga isitumike tena. Mwamba huo ni wa chokaa laini. Upepo husukuma mchanga karibu zaidi na ardhi, hivyo shina huliwa kuliko kichwa, na ndiyo maana shingo yake ni nyembamba kiasi kile. Ukiugusa tu, unga mweupe hubaki kidoleni. Eneo hilo limehifadhiwa kisheria tangu mwaka 2002.

Tena, picha nzuri haihitaji kupanda. Jua linapochomoza au linapokaribia kuzama, mwanga wa ubavuni hudhihirisha kila mfuo uliochongwa na upepo, ilhali saa sita mchana weupe wa chokaa humeza kila kitu. Anayetaka kuonyesha ukubwa wa mwamba amsimamishe mwenzake kando, hatua kadhaa kutoka kwenye shina.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam