Kisu kipya lakini kinakata upogo

Juzi mama mmoja anayekaanga chipsi jirani na soko la Majengo hapa Dodoma katuletea kisu sisi wanoa visu, huku amenuna. Mwanangu, hiki mlichoninolea kinaniharibia kazi, nyanya nikikata juu inatoka nyembamba chini nene, kabichi ndo usiseme. Nikamwambia shikamoo mama, hebu nikione kwanza. Kukishika tu nikajua hiki hatujawahi kukigusa, ni kipya, kakinunua dukani wiki tatu nyuma akakichanganya na kile cha zamani ambacho kweli tulimnolea sisi. Upande wa kulia mstari wa makali una upana wa kama milimita tatu, kushoto ni kauzi tu, unatafuta kwa tochi.

Kesi kama hii tunaipata sana, na wengi wanadhani wao ndo hawajui kukata. Jamani, sio mkono wako.

Kisu cha kiwandani kinaanza kama bati la chuma cha pua linalokatwa kwa mashine kupata umbo, kinachomwa kwenye tanuru, kinapozwa haraka ili kiwe kigumu, halafu bapa, yaani zile pande mbili pana za kisu, zinasagwa mpaka ziwe nyembamba na mwisho kabisa ndo kinatiwa makali. Pale kwenye kupozwa chuma kinaweza kujikunja kidogo, wanakinyoosha, lakini kikibaki na kapindo hata kadogo mashine ya kusaga inakula upande mmoja kuliko mwingine. Kwenye kutia makali nako, viwanda vingi bado anasimama mtu mbele ya mkanda wa msasa unaozunguka, anapitisha kulia, anapitisha kushoto, sekunde chache, lete kingine, na mikono miwili ya binadamu haikandamizi sawa, tena akifanya hivyo kutwa nzima. Na usidhani ni vya bei chee peke yake, tumeshapokea kisu cha bei ya mbuzi mzima kina shida hiyohiyo.

Sasa kwa nini kinapinda. Kisu ni kabari. Kabari ikiwa na mteremko mkubwa kulia na kushoto iko karibu bapa, nyama au kabichi inakisukuma kile chuma kukimbilia kushoto, yaani kinaukimbia upande wenye mteremko mpana kinaelekea ule ulio bapa. Kwenye kitunguu hutaona sana. Kwenye kitu kirefu na kigumu kama boga au kabichi zima ndo utajua, unaanza katikati unamalizia pembeni.

Kuangalia mwenyewe nyumbani ni rahisi, chukua maka peni paka makali pande zote mbili, pitisha kwenye jiwe lenye maji mara mbili tatu kila upande kwa pembe ileile, halafu tazama wino umetoka wapi. Ukitoka vizuri kulia lakini kushoto umebaki pale kwenye ukingo kabisa wa makali, basi pembe hazifanani. Ila tahadhari hapa, mstari kuwa mpana sehemu moja sio kosa kila mara, pale chuma kinapokuwa kinene zaidi, mfano karibu na ncha, mstari unapanuka wenyewe hata kama pembe ni sawa. Kuna watu wanatuletea kisu kizuri kabisa eti mistari hailingani kwa macho, huyo tunamrudishia bila kumchaji.

Kipimo kingine, laza makali juu ya kibao kilichonyooka, shika kwa usawa wa macho huku nyuma kuna mwanga. Ukiona mwanga unapita karibu na mpini, hapo mkanda wa kiwandani ulikaa sana, pameliwa, pana shimo. Hii ndo mbaya zaidi kuliko upogo, maana kisu hakigusi kibao, vitunguu vya majani vinabaki vimeshikana kama mkufu. Na haiponi kwa kunoa pale kwenye shimo, unazidi kulichimba! Inabidi kushusha makali yote yaliyobaki mpaka yalingane nalo.

Sisi tunafanyaje. Tunaanza na jiwe la grit 220 au 400 (grit ni namba ya ukwaru wa jiwe, ikiwa ndogo jiwe linakwaruza zaidi) upande ule wenye mstari mwembamba peke yake, tunausukuma ukingo urudi katikati, tunapaka wino tena, tunaangalia, tunaendelea, kisha grit 1000 pande zote na kuondoa ule uzi wa chuma unaojikunja ukingoni. Yote kwa mkono na maji. Kuna wanaotumia grenda kavu wanamaliza dakika mbili, cheche kibao, kisu kinatoka na rangi ya bluu, pale chuma kimeungua na ugumu umeondoka, unanoa leo kesho butu.

Lakini kama upogo ni mkubwa mimi binafsi sipendi kuumaliza siku moja. Kadiri unavyoshusha makali ndivyo unavyopanda kwenye sehemu nene ya kisu, kwa hiyo inabidi upunguze na bapa, kazi inakuwa ndefu na mteja analipa hela nyingi kwa kisu cha elfu nane. Bora nikusogezee kidogo kila unapokuja kunoa, mara tatu nne kinakaa sawa na hujapoteza chuma. Yule mama tulikubaliana hivyo, alitoka bado ananung'unika ila kabichi ya kujaribia aliikata mwenyewe pale mezani.

Halafu kuna visu vya Kijapani vya samaki kama yanagiba na deba, hivyo vimenolewa upande mmoja kwa makusudi. Ukiwa nacho sema mapema, na asije fundi yeyote akakunyooshea, ataua kisu.

Kuangalia ni bure, kunoa kwa kawaida elfu mbili, kurekebisha upogo tunaongea baada ya kukiona. Kifunge kwenye gazeti au boksi ukiwa unakuja kwa bajaji. Jumamosi hatupo Majengo, tunakuwa mnadani Msalato na wachoma nyama, njoo nacho tukijaribu kwenye mbavu hapohapo.