Jamani, majivu nayo yana gharama zake

Wiki iliyopita kaka mmoja alitupigia simu hapa ofisini, sisi tunaohudumia misiba ya Wachina wanaofia huku, anafoka, kampuni yao imefiwa na fundi Mchina, eti tumemwibia, mwili umeshachomwa kinachosafiri ni kikopo cha majivu tu, sasa hela yote hiyo ya nini. Nilimjibu kwa upole ila naandika na hapa maana malalamiko haya hayaishi.

Sisi hatuanzi chochote bila kuongea na familia kule China, hata iwe saa sita usiku huku Dar na kwao ndo kunakucha. Watu wanadhani Wachina wote wanachomwa. Ni kweli wengi wanachagua hivyo, viongozi wao akiwemo Mao walisaini kuhimiza jambo hilo tangu 1956, lakini waliofia huku wakijenga reli ya TAZARA wamezikwa Gongo la Mboto na kila Aprili wenzao wanaenda kufagia makaburi yao. Kuna marehemu mmoja bosi wake alishalipia hadi kuni, nampigia mkewe naambiwa mume wangu ni Mhui, Mwislamu huyo! Tukageuza gari mpaka msikitini, akaoshwa, akavishwa sanda, akazikwa kabla ya alasiri. Fikiria kama tungeharakisha ili iwe rahisi.

Halafu lile jeneza lenye kitambaa chekundu ndani mnalolipata kwa bei poa msituletee, nyekundu kwao ni ya harusi. Wengine wanachoma pesa za karatasi ili marehemu awe na matumizi huko aendako, wengine hawataki hata kusikia, maua meupe yanawatosha, so lazima tuulize.

Ila kinachowaumiza zaidi ni chombo cha majivu. Dada mmoja alikataa chetu cha mbao akaona ghali, akanunua cha shaba mjini kinang'aa kweli, kufika uwanja wa ndege mashine haioni kilichomo ndani, na kukifungua hawakubali, ndege ikamwacha. Akalipia tiketi upya na cha mbao akaja kununua vilevile. Bado cheti cha kifo, cheti cha kuchomwa, tafsiri ya Kichina, ubalozini, kijana wetu anazungukia hayo siku mbili tatu kwenye foleni, ndo hela hiyo mnayosema ya kikopo.

Yule kaka nimemtumia risiti zote WhatsApp, moja moja. Mwingine akifiwa apige kwanza kabla hajanunua kitu, hata usiku tunapokea.