Mhariri, hiyo sio sosi ya matufaha

Mhariri,

Nimesoma mapishi ya sosi ya matufaha kwenye ukurasa wenu wa chakula nikabaki nashangaa, eti menya, tupa maganda, weka maji mpaka yafunike matunda alafu mimina sukari vikombe viwili. Sa hiyo ni sosi au uji wa sukari?

Tufaha lenyewe limejaa maji jamani, zaidi ya asilimia 80! Chukua kilo moja, katakata, toa mbegu, tia maji robo kikombe tu ili chini pasishike, funika, moto mdogo, baada ya dakika 20 hivi vipande vinaanza kuvimba na kupasuka vyenyewe, ukivigusa na mwiko vinabonyea. Na maganda acheni kutupa, pektini inayofanya sosi iwe nzito iko nyingi humo, kwahiyo chemsha nayo alafu pitisha kwenye chekeche, yenyewe yatabaki juu, na kama yalikuwa mekundu sosi inatoka na upinki kwa mbali.

Sukari ni mwisho kabisa, baada ya kuonja, manake tufaha aina ya McIntosh sio sawa na aina ya Granny Smith, ile inalainika upesi na ina utamu wake, hii ni kali mpaka unafumba jicho (mi nachanganya zote). Limau kamulia kidogo isigeuke kahawia. Mdalasini ni hiari, ila wa kueleweka, mwaka 2023 kule Marekani sosi za watoto zenye mdalasini zilirudishwa kutoka madukani kwa kukutwa na madini ya risasi, na shida haikuwa tufaha, ilikuwa huo mdalasini.

Alafu mmeandika inapakwa kwenye mkate, basi. Mbona Waingereza wanakula na nguruwe wa kuchoma, ule ukali unakata mafuta, Wajerumani wanachovyea vile vichapati vya kukaanga vya viazi vilivyokunwa, na Wayahudi hivyohivyo wakati wa sikukuu yao ya Hanuka. Wapika keki nao wanaiweka badala ya sehemu ya mafuta. Hata mwanaanga Mmarekani John Glenn alipozunguka dunia 1962 alikula sosi hiyohiyo, akiikamua kutoka kwenye tyubu kama dawa ya meno.

Naomba mrekebishe hayo mapishi toleo lijalo, na mkipata nafasi mtoe na yale ya kuoka matufaha kwenye oveni, yale hayataki maji hata tone.

Msomaji wenu