Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: hiyo si changamoto, ni dhuluma

Mheshimiwa,

Pamoja na salamu, nakuandikia kuhusu neno moja lililomo katika muhtasari wa mkutano wa hadhara, uliobandikwa juzi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji chetu, pale unapodai kuwa "changamoto ya fidia inafanyiwa kazi". Nilifundisha Kiswahili miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo uniwie radhi nikisahihisha.

Changamoto ni jambo linalomtia mtu hamasa ya kupambana nalo. Mwaka 2018 wathamini wa mradi wa barabara walihesabu minazi yangu 43, wakanisainisha fomu, wakapiga X nyekundu ukutani mwa nyumba yangu, na haukupita mwezi tingatinga likailaza minazi yote, mingine ikiwa na madafu yake. Barabara imekamilika. X ile ipo mpaka leo, na kwa kuwa nimekatazwa kukarabati, masika yote nalala na ndoo kando ya kitanda. Hamasa sijaiona.

Neno lake ni dhuluma. Tumelipata kwa Waarabu, ambako lina shina moja na neno la giza, lakini Waswahili tunalitumia hasa kwa haki ya mtu iliyozuiliwa mikononi mwa mwingine, ndiyo maana aliyedhulumiwa shamba husema "amenidhulumu" hata baada ya miaka 20, kama jambo la asubuhi hii. Mashekhe wetu hufundisha kwamba aliyekula haki ya mja mwenzake hatoshelezwi na toba peke yake: airudishe, au mwenyewe amsamehe. Mimi sijasamehe, Mheshimiwa, na sijaulizwa.

Ulituapia "Wallahi" mbele ya kadamnasi kwamba tutalipwa kabla ya Ramadhani, tukakupigia makofi, na Ramadhani mbili zimepita. Kafara ya kiapo kilichovunjwa waijua: kulisha masikini 10 au kuwavisha, na asiye na uwezo hufunga siku 3. Orodha yetu ina kaya 26, hutapata taabu ya kuwatafuta masikini.

Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Pengine fedha zetu zilihamishiwa kazi nyingine. Pengine faili limelaliwa na mafaili mengine, maana kila nikifika huambiwa "mzee, mfumo unasumbua", na mfumo huo haukusumbua siku ya tingatinga.

Barua zangu nne zilizotangulia ziliomba malipo. Hii inaomba kitu kisichogharimu hata shilingi: katika muhtasari ule neno "changamoto" likatwe, liandikwe "dhuluma", nawe utie saini pembeni kwa mkono wako. Nitakuja Jumatatu na kalamu.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, mwenye minazi 43