Ami, hiyo damu unayoisingizia nimeisoma

Ami, asalaam aleikum. Najua hutaki kuambiwa mambo ya sigara na mtoto uliyembeba mabegani, ndio maana nakuandikia hapa badala ya kuja kukusimamia barazani mbele ya wazee wenzako. Jina lako silitaji, ingawa wenye kujua watajua tu, Amu yenyewe, Lamu yetu, ni kidogo.

Kila tukikwambia uwache wajibu lile lile: ni damu, babu alivuta, baba alivuta, ndugu zako wavuta hata yule aliyehamia Malindi, basi mwataka nikabadilishe damu? Watu wacheka, kahawa yaletwa, maneno yaisha. Mimi nilienda nikatafuta kama ni kweli, na jawabu ni kweli kiasi, ila si ile kweli unayoitaka wewe.

Haki yako kwanza. Watafiti wamelinganisha mapacha wanaofanana kabisa na mapacha wa kawaida kwa miaka mingi, na hesabu zao huangukia karibu na nusu, yaani kama nusu ya tofauti baina ya watu katika kunaswa na nikotini, ile dawa ya tumbaku inayomfanya mtu arudie, yatokana na jeni, yaani yale maandishi ya mwili tunayoyarithi. Halafu mwaka 2008 timu tofauti tofauti, mojawapo ya Iceland, zikanyooshea kidole pahala pamoja kwenye kromosomu ya 15, ambapo pana jeni iitwayo CHRNA5. Jeni hii ndiyo yatengeneza kipande kimoja cha vipokezi vya ubongo, vile ambavyo nikotini hwenda kushika. Mwaka 2011 watafiti Marekani wakachukua panya wasio na kipande hicho wakawapa nafasi ya kujipatia nikotini wenyewe, panya wakajipa na kuzidisha hata pale dozi ilipokuwa kubwa ya kumchukiza panya wa kawaida. Kwamba kile kitu ndani ya kichwa kinachosema "basi, yatosha" kilikuwa chalegea. Nilipofika hapo nilikufikiria wewe wallahi.

Lakini ngoja. Kwa binadamu, jeni hiyo pahala pamoja hutofautiana kwa herufi moja baina ya watu, na kila nakala ya ile herufi mbaya humzidishia mvutaji kama sigara moja kwa siku. Moja, ami! Wewe pakiti yaisha kabla ya isha, sasa zile nyengine zote tumdai nani? Na isitoshe herufi hiyo ni ya kawaida sana kwa Wazungu na ni adimu kwa watu wa asili ya Kiafrika, na utafiti mwingi umefanywa kwa Wazungu, sisi huku tumechanganyika kiasi kwamba kwenye harusi moja huwezi kuhesabu makabila, kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba amekusoma damu kwa kukutazama usoni.

Sasa nikuletee picha za ubongo, manake hapa ndipo niliponyamaza kukulaumu. Mwaka 2010 timu ya Maryland huko Marekani, Elliot Hong na wenzake, waliwaweka watu ndani ya MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakiwa wametulia tu bila kazi yoyote, wakatazama sehemu gani za ubongo zinazungumza pamoja. Wenye ile herufi, mawasiliano baina ya sehemu ya mbele inayosaidia kujizuia na sehemu ya ndani inayotaka raha yalikuwa dhaifu zaidi, na kwa wavutaji, kadiri mawasiliano hayo yanavyokuwa dhaifu ndivyo uraibu unavyokuwa mkali. Kwa hivyo shangazi akisema huna azima, mwambie azima nayo ina nyaya zake, na za watu si sawa.

Ile ya Ramadhani ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Kila mwaka wafunga mwezi mzima, hapa kwetu ni saa 13 na ushei kila siku, huvuti, hufi, wala hugombani na mtu sana (kidogo wagombana, tukubaliane). Adhana ya magharibi ikilia, tende moja, maji, kisha kiberiti. Watu husema mtu akiweza saa 13 ataweza maisha, akishindwa ni imani tu. Mimi nilikuwa pia nasikia hivyo kila baraza.

Sasa mwaka 2006 Arthur Brody na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, waliwaweka wavutaji kwenye mashine ya PET, ile ambayo mtu hudungwa dawa yenye mionzi kidogo halafu mashine yaonyesha imetua wapi ndani ya ubongo. Kuna aliyevuta pafu moja, kuna aliyevuta tatu, kuna sigara nzima, kuna aliyeambiwa vuta hadi utosheke. Pafu moja mbili tu zilikalia nusu ya vipokezi, na saa 3 baadaye bado vilikuwa vimekaliwa. Sigara nzima ilikalia zaidi ya asilimia 88, na kiu ikapungua. Maana yake mvutaji wa kila siku huwa amejaa kutwa nzima, yeye akidhani avuta kwa kupenda kumbe aziba nafasi.

Fikiria gati letu pale mbele ya mji. Kama kila siku nafasi zote za kufunga boti zimejaa, mtajenga nyengine, na ubongo wa mvutaji nao huongeza vipokezi hivyo hivyo, akiskaniwa huonekana anavyo vingi kuliko mtu asiyevuta. Sasa boti zote zikiondoka pamoja nafasi tupu ni nyingi kuliko zilivyokuwa kabla hujaanza kuvuta, na ule utupu ndio arosto yenyewe, hasira, kichwa, mikono kutafuta mfuko wa kanzu. Ndivyo ulivyo kila alasiri ya Ramadhani. Magharibi ikifika wavuta, nikotini yafika ubongoni ndani ya sekunde chache, yashika kote, kisha usiku wazidisha mpaka daku. Hukushindwa kuwacha ami, hukuwahi kuanza kuwacha, ubongo wako ulikuwa wasubiri meli ya jioni tu.

Na zile nafasi za ziada hubomolewa lini? Kelly Cosgrove na wenzake wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walifuatilia watu waliowacha kabisa wakawaskani tena na tena, matokeo yakatoka mwaka 2009: vipokezi vilishuka hadi kufanana na vya wasiovuta kati ya wiki 6 na 12. Si mwezi mmoja. Kwa hivyo hata ungewacha Ramadhani nzima usiku na mchana, Idi ingekukuta bado una nafasi tupu za kukusumbua, na Idi ndipo wanapokuja wale vijana wako na mirungi, na mirungi bila sigara wasema haishuki. (Mirungi nimeiwacha leo kusudi, hiyo ina barua yake.)

Kuna jengine la damu ambalo hulijui, na hili si la kichwani, ni la ini. Nikotini huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha CYP2A6, na jeni ya hicho hutofautiana sana baina ya watu. Mwenye ini la polepole nikotini hukaa mwilini muda mrefu, havuti nyingi na kuwacha humjia rahisi zaidi, mwenye ini la haraka yaisha upesi, huyo kila mara atafuta kiberiti. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa wavutaji 1,246 wa Marekani na Kanada, ukapima kasi hiyo kwenye damu kabla ya kuwapa dawa. Wa kasi ya kawaida walinufaika zaidi na vidonge vya vareniklini, dawa ya kumsaidia mtu kuwacha sigara, kuliko plasta ya nikotini, ile inayobandikwa kwenye ngozi. Wa polepole plasta iliwafaa sawa tu na vidonge, na vidonge ndivyo vilivyowasumbua zaidi. Yaani damu unayoitumia kufunga mazungumzo, wenzio waitumia kuchagua dawa.

Na dawa hizi si za matajiri wala za uchawi, plasta na chingamu za nikotini Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, vareniklini na bupropioni, nayo ni vidonge vya kuwachia sigara, mwaka 2021. Mtu akikwambia kutumia plasta ni kudanganya, muulize mbona yeye akiumwa kichwa ameza panadol.

Basi nimepanga hivi, ukikataa kataa lakini usome kwanza. Tusingoje Ramadhani, tuanze tarehe mosi Shaaban. Toka Shaaban mosi hadi Idi ni karibu wiki 8 na nusu, tumeshaingia kwenye zile wiki za Yale, na sitta Shawwal yakuongezea. Wiki ya mwisho ya Rajab nakuja Amu, tutaenda pamoja kwa daktari aangalie presha yako na dawa nyengine unazomeza, achague plasta au vidonge, tena umuulize yeye plasta wakati wa saumu na umuulize sheikh wako, mimi si wa hayo. Atakuuliza ukiamka asubuhi wakaa muda gani kabla ya sigara ya kwanza. Mwambie kweli. Kama ni kabla ya dakika 5 hiyo ni alama ya uraibu mkubwa, na kwa anavyosimulia shangazi ni kabla hujavaa viatu.

Nijibu kwa simu, si kwa kunitumia mtoto. Baada ya isha niko.