Chupa tunazipokea, ila zichambueni kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na hoteli na baa za hapa Arusha zinazotuletea sisi wapuliza vioo chupa tupu za kuyeyusha tutengeneze bilauri. Toeni vizibo, na vile vipete vya alumini vinavyobaki shingoni. Alumini ikiingia kwenye tanuru la nyuzi joto 1,100 na zaidi haipotei. Humenyuka na kioo na kuacha punje ngumu za silikoni. Bilauri inatoka nzuri, halafu ufa unaanzia kwenye punje hiyo. Kigae cha kikombe nacho hubaki humo kama jiwe. Vyombo vya kioo vya kuokea msilete kabisa: kioo chake hutanuka kidogo mno kikipata joto, hakipatani na cha chupa.

Na ninyi mnaotaka bilauri leo leo! Kupuliza ni dakika chache, ingawa kioo cha chupa hukakamaa upesi na fundi hukirudisha motoni kila mara. Kinachokula muda ni kupoza. Bilauri hulazwa kwenye tanuru la nyuzi 500 hivi, joto likashushwa polepole hadi asubuhi. Ikitolewa mapema, nje hupoa kabla ya ndani, kisha inapasukia mezani kwenu na lawama tunabeba sisi.

Mafundi wapuliza vioo,
Arusha