Kipanya kinachobofya mara mbili hakijafa

Mhariri,

Vijana wengi wanaocheza gemu hutupa vipanya kwa tatizo moja: ukibofya mara moja, kompyuta inahesabu mbili, ukiburuta faili, linaponyoka njiani. Dukani wanaambiwa wanunue kingine. Mara nyingi kilichochoka ni swichi yenye urefu wa milimita 13 hivi.

Ndani ya swichi hiyo mna kijibati cha aloi ya shaba kinachoruka kila unapobofya. Mahali kinapogusana na viguso vya umeme huota utando, na umeme unaopita ni mdogo mno kuuchoma. Kijibati kikishachoka hakitulii, kinadundadunda. Mdundo ukizidi muda ambao kipanya kimepangiwa kuupuuza, unahesabiwa kuwa mbofyo wa pili. Swichi za mwanga, zinazotambua mbofyo kwa mwanga badala ya viguso, hazina ugonjwa huu.

Kukifungua kipanya hakuhitaji nguvu. Kisicho na waya kizimwe kwanza, na kikishafunguka betri ichomolewe kabla ya kugusa kingine. Skrubu nyingi hufichwa chini ya vibandiko vya kutelezea. Vipashe moto kwa draya ya nywele kama nusu dakika, kisha inua ukingo polepole kwa kadi ya plastiki; ukivibandua vikiwa baridi vinakunjika, na kipanya kitayumba mezani. Bisibisi kwa kawaida ni ya nyota, namba 0 au 00. Zipange skrubu kama zilivyokaa, maana ndefu ikiingia tundu la fupi inapasua plastiki. Tunasisitiza: ganda la juu lisifyatuliwe kwa pupa. Vingi vina waya bapa unaoliunganisha na bodi ya chini. Liinue kidogo kama jalada la kitabu, legeza kikomeo kinachoushika waya huo, ndipo uuchomoe. Waya huo ukikatika, ni shida kuupata.

Gurudumu likiruka au kurudi nyuma, tazama kwanza nywele zilizojisokota kwenye ekseli. Uchafu ufutwe kwa pamba ya masikio yenye alkoholi ya isopropili. Thina isitumike kabisa, inatia ukungu kwenye lenzi ya chini inayosoma mwendo wa kipanya; lenzi yenyewe ipulizwe tu kwa pampu ya mkono. Mafuta ya kulegeza kutu nayo yanayeyusha grisi ya gurudumu, kisha yanakamata vumbi.

Ukiamua kubadilisha swichi yenyewe, ina miguu mitatu iliyolehemewa kwenye bodi. Kabla ya kuing'oa, tazama kitufe chake kimeelekea upande gani, kwa sababu hakikai katikati. Ongeza risasi mpya ya kulehemu kidogo kila mguu, maana ya kiwandani huwa ngumu kuyeyuka. Joto la chuma cha kulehemu liwe nyuzi 350 za Selsiasi hivi, kwa sekunde 3 tu; ukizidisha, shaba inabanduka kwenye bodi. Asiye na vifaa vya kulehemu anaweza kufungua kifuniko cha swichi kwa ncha ya wembe na kupitisha kipande cha karatasi chenye alkoholi kati ya viguso. Afanyie juu ya kitambaa cheupe, kwani kitufe hicho kinalingana na punje ya mtama na kikidondoka sakafuni hakionekani tena. Hiyo ni nafuu ya muda.

Tunawaomba wenye maduka ya vifaa vya kompyuta waweke swichi na vibandiko hivi rafuni, karibu na vipanya vipya wanavyouza.

Mafundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam